Ganda Lililokwama

Benchi liko nje ya duka la mikate la Wirrabee, mji mdogo wa Australia, upande wa kivuli, na kila Jumamosi asubuhi hulikalia wale wale watatu. Mfupi ndiye mrefu kuliko wote mjini, Kimya hafungi mdomo, na Askofu hajakanyaga kanisani tangu afunge ndoa. Ndivyo wanavyopeana majina huko. Asubuhi hiyo ya Januari, jua likiwa limeshaanza kuuma, Mfupi alitoa mfukoni ganda la risasi akaliweka kati ya vikombe vya kahawa. Risasi hizo alizijaza baruti mwenyewe bandani kwake, Julai, wakati wa baridi. Jana mchana alijaribu moja, komeo la bunduki likagoma kufunguka mpaka akaligonga kwa kiganja. Na sanduku zima alishampa binti yake Tegan, anayekwenda kuwinda nguruwe mwitu leo.

— Fataki, hii ya kuwashia baruti, imelala bapa kama imepigwa pasi, alisema Askofu. Na hapa kitakoni pana alama inang'aa. Presha hiyo, kaka, baruti imezidi nguvu.

— Presha wapi, Kimya akadakia. Fataki za siku hizi laini.

— Na komeo?

— Vumbi.

Mfupi alilipenda sana jibu hilo la vumbi. Kila risasi aliipima kwa mkono wake, akimfikiria binti, na hakutaka kosa liwe lake. Kimya alipoona anasikilizwa, akanoga: vumbi la mwaka huu lina chuma ndani, bunduki huvimba kwa ukame, tena bunduki hiyo ya urithi inamlilia marehemu baba yake Mfupi. Askofu alicheka nusura amwage kahawa. Halafu akasema, taratibu, kwamba kipimo kilichojaribiwa kwenye baridi hakiaminiki kwenye joto, maana joto huipa baruti nguvu zaidi. Mfupi akajibu kuwa hakuzidisha hata punje juu ya kipimo cha kitabu.

Mara Tegan akafika, akaegesha gari juani, sanduku la risasi likiwa juu ya dashibodi. Akaja, akaliokota ganda.

— Nini hiki?

— Vumbi tu, mwanangu, alisema Kimya. Baba yako ameshaelewa.

Tegan alimgeukia baba yake.

— Kama ni vumbi, baba, mbona ulipiga moja tu ukaacha?

Mfupi hakuweza tena kuukwepa woga wa tangu jana; akainuka na kwenda garini. Sanduku lilikuwa la moto mikononi.

— Leo chukua bunduki ya mama yako na risasi zake za dukani, alisema. Hizi nazifumua zote, nimwage baruti.