Mwalimu Tannehill na Kurasa 412 Zilizorudi Kabatini

Tarehe 28 Juni 1996 Mwalimu Orville Tannehill anastaafu, baada ya kufundisha historia hapa Kasulu kwa miaka ishirini na saba. Sisi wenzake bado tumeduwaa, na si kwa sababu ya kustaafu kwake.

Alitoka Nebraska, Marekani, alikokuwa akifundisha falsafa ya historia chuo kikuu. Hapa alipanda maharage nyuma ya nyumba za walimu na kujifunza Kiha hadi akaweza kubishania bei sokoni Nyakitonto. Mwaka upepo ulipoezua bweni, aliwaagiza wanafunzi arobaini waandike habari za siku hiyo. Zikaja siku arobaini tofauti, naye akazipa zote alama, akisema historia huanzia kwa anayeuliza.

Kitabu chake kilichukua miaka kumi na tisa. Kilisema historia ni njia ya mlimani: ina kona, watu huteleza, lakini inapanda. Mimi ndiye niliyekipiga chapa, kurasa 412, na mashine ilipogoma akaja fundi Stanislaus. Alikuja mara nne kwa kasoro ile ile. Namshukuru Mwalimu kwa kila ukurasa, maana tarehe 1 Juni fundi huyo alinioa, na hadi leo naamka nikitabasamu peke yangu.

Mshtuko ulianzia kwenye harusi hiyo. Mwalimu alikwenda jikoni kumsalimu Mama Consolée wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, aliyetupikia, akamsimulia kitabu chake. Mama aliendelea kugeuza pilau.

"Mwalimu, mwaka sabini na mbili mama alinibeba mgongoni tukapita Busunzu, tunakimbia mauaji. Tukarudi kwetu. Tisini na tatu nikapita hapo hapo, na wangu mgongoni. Sasa hiyo njia yako inapanda wapi?"

Wapishi walicheka. Mwalimu aliketi juu ya ndoo, sahani yake ya pilau ikapoa mapajani. Jumatatu akaniletea barua ya kuwaambia wachapishaji wasimamishe kitabu. Sikuichapa kwanza. Nilimsihi aongeze sura moja tu. Akasema haitoshi, swali la Mama limefika hadi ukurasa wa kwanza.

Basi anastaafu bila kitabu. Safari ya Nebraska ameiahirisha. Jumatatu ijayo anaanza kwenda Mtabila na daftari tupu, kuuliza. Mama Consolée amekubali, kwa sharti kwamba aje akiwa na njaa, kwani ile sahani ya harusi hajamsamehe.

Ahsante, Mwalimu, kwa miaka yote hiyo. Mungu akujalie afya na siku nyingi za kuandika. Mashine ipo, na fundi ninaye nyumbani.