Chumba cha Juu

Benchi letu hapa Muhuru Bay ni ubao wa mtumbwi uliochakaa, umelazwa juu ya mawe mawili mbele ya kibanda changu cha kahawa. Jumatatu hiyo wenye benchi, wanaume watatu wanaokunywa kahawa kwangu kila asubuhi, walinikuta nimeshika barua. Beverly, binti yangu wa miaka kumi na minne, alikuwa ameketi kwenye gunia lake mlangoni akichambua omena, dagaa wa ziwani. Miguu yake haijawahi kumbeba. Barua ilisema amenyimwa kadi ya ulemavu. Bila kadi hakuna kiti cha magurudumu, na bila kiti shule iliyomwita haimpokei Januari.

Nilimpa barua Hansard, aliyekuwa karani wa chifu, maana hasahau neno alilosoma.

— “Mhusika alifika mwenyewe ghorofa ya pili,” alisoma. “Hastahili.”

Wote wakamgeukia Spana, fundi wa baiskeli. Ndiye aliyembeba Beverly mgongoni, ngazi thelathini na moja, kwa sababu chumba cha kupimia walemavu pale hospitalini kiko juu na lifti hakuna. Alimkalisha kwenye kiti, akaambiwa atoke. Mimi nilikuwa nimezuiwa chini na mlinzi. Kwa hiyo daktari alipoinua macho, aliona msichana ameketi mbele yake, nadhifu, amefika.

— Wewe Spana ndiye umeharibu, alisema Obzava, ambaye kila uchaguzi huwa wakala wa chama fulani. Ungemwacha atambae, waone.

— Nimwache mtoto wa watu atambae, omera, ndugu yangu? Na asingefika wangeandika nini?

— Wangeandika hakufika, Hansard akasema. Hiyo nayo ni kukataliwa.

Hapo nikajua asubuhi imeharibika. Obzava akasogea karibu, akateremsha sauti. Alisema hiyo si bahati mbaya. Walemavu wakiwa wachache kwenye rejista, vituo vya kura havihitaji njia ya magurudumu, na hesabu ya kura inakuwa tamu kwa wakubwa. Spana akasema yeye aliona dirisha pale juu, na mtu nyuma ya pazia anayehesabu wanaopanda.

— Ulimwona? nikauliza.

— Niliona pazia linatikisika.

Hansard akakohoa. Kwa maoni yake viti vya magurudumu vilishafika zamani, viko mbugani Lambwe, watalii wanasukumwa navyo wakatazame twiga. Ngazi ni chujio tu, la kuhakikisha hakuna wa kuviuliza.

— Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, akamalizia. Maana yake serikali ikikupandisha, inataka kukuangusha.

Niliwamiminia kahawa. Nilikuwa nimechoka. Barua ilisema rufaa inasikizwa Alhamisi, chumba kilekile. Nikamuuliza Spana kama mgongo wake utaweza tena. Akasema utaweza, lakini hakunitazama.

— Ukimbeba tena wataandika amefika mara mbili, Obzava akasema. Mara ya tatu watampa cheti cha mwanariadha.

Beverly akacheka. Mimi sikucheka.

Filister, mnunuzi wa omena kutoka Homa Bay, alikuwa akingoja nimpimie debe lake. Hakuwa wa benchi. Alikuwa amesimama muda wote akisikiliza.

— Samahani, mama Beverly. Huyo daktari, miguu yake ni mizima?

— Mizima, nikasema.

— Na huwa anashuka?

Beverly ndiye aliyejibu, mikono ikiwa bado kwenye omena.

— Saa nne alishuka kunywa chai. Tulikuwa bado chini, tunangoja Spana apumzike. Aliniruka pale ngazi ya mwisho ya chini, akaniambia pole.

— Basi kwa nini asikupime hapo hapo?

Spana alitoa spana mfukoni akaanza kuipangusa, ingawa ilikuwa safi.

Nilimpimia Filister debe lake, nikamwongezea konzi mbili. Kisha nikaikunja barua nikaitia kwenye mkoba.

— Beverly, hiyo ngazi ya mwisho, watu wawili wanaenea?

— Wanaenea, mama.

— Wa tatu akitaka kupita?

Akachukua omena mwingine.

— Hapiti.

— Spana, nikasema, Alhamisi utatufikisha chini ya ngazi tu. Saa tatu na nusu, kabla ya chai ya daktari, tuwe tumeshakaa.