Kijiji Kizima Kinanijua

Tangu basi litoke Ludlow, Hazel alikuwa amejifanya anasinzia, maana maongezi ya siti ya mbele yalikuwa matamu kuliko usingizi. Mzee mwenye kofia ya sufu alikuwa akimlalamikia mama aliyeketi naye, na wala hawajuani.

"Kengele za kanisa letu nimezipiga tangu ujana wangu, mama. Leo kasisi mpya, mtoto wa juzi, ananiambia nikachunguzwe polisi kama nina rekodi ya uhalifu, ndipo niwafundishe watoto kuvuta kamba za kengele! Mimi! Kijiji kizima kinanijua!"

"Mshukuru."

"Nimshukuru kwa kunitukana?" Mzee aligeuka mzimamzima. Hazel, aliyekwisha kuwa upande wake, aliguna huku macho kayafumba. Kwa mtu aliyelala, aliguna vizuri sana.

"Hajakutukana, mzee wangu. Kwetu walimchunguza hata bibi anayetumiminia chai baada ya ibada. Mimi kasisi wetu nilimkumbatia palepale mlangoni pa kanisa. Mjukuu wangu yuko kwaya sasa, nami moyo wangu umetulia. Namshukuru Mungu kila Jumapili."

"Lakini mtu anayejulikana, mama..."

Basi lilipunguza mwendo. Mama akakusanya mifuko yake, akasimama.

"Nilipokuwa mtoto, mwalimu wetu wa kwaya naye kijiji kizima kilimjua. Sisi watoto ndio tuliomjua zaidi."

Akamwambia dereva asante, akashuka. Hazel alifumbua macho. Mzee alikuwa amevua kofia.