Beseni Ambalo Nelson Katoo Hakulitazama

Wasifu huu unasomwa na mimi, Soipan, mtoto wa kwanza wa marehemu, leo Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Kajiado. Kamati ya mazishi imeniomba niruke sehemu moja. Sitairuka. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeniagiza niisome, na aliniagiza mara tatu.

Marehemu Nelson Katoo alizaliwa tarehe 9 Juni 1962 huko Illasit, akiwa wa nne kati ya watoto saba. Utoto wake ulipita nyuma ya mifugo. Kondoo na mbuzi wa nyumbani walichungwa pamoja, na akiwa na miaka minane aliona dume la kondoo likimpanda mbuzi. Alimfunga mbuzi huyo kitambaa chekundu shingoni, akamlinda miezi mitano akingoja kuona atazaa mnyama wa aina gani. Hakuzaa chochote. Bibi yetu alicheka mpaka akakaa chini, na kila mgeni aliyefika bomani alisimuliwa.

Alisoma shule ya msingi Illasit na sekondari Kajiado, kisha akajiunga na chuo cha mifugo Kabete, alikopata cheti mwaka 1984. Huko ndiko alikopata jibu la swali lake la utotoni. Sisi watoto alitufundisha kwa maharagwe, mezani Kitengela, huku mama akiyasubiri ayapike. Kondoo ana kromosomu hamsini na nne, mbuzi ana sitini. Kila mzazi hutoa nusu. Alipanga maharagwe ishirini na saba upande mmoja na thelathini upande wa pili, akayaoanisha moja moja, na matatu yakabaki bila wenzao. "Mimba inaweza kushika," alisema, "lakini haitulii. Inatoka." Kitabu chake cha chuo kilisema hivyo, na baba hakuwa mtu wa kubishana na kitabu.

Aliajiriwa na serikali mwaka 1985, akaanzia Namanga kukagua mifugo inayovuka mpaka. Mwaka 1993 alihamishiwa Kajiado, na mwaka 2006 Kitengela, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2022. Hakuwa na digrii, lakini kila mtu alimwita daktari. Hakupokea chochote kutoka kwa mtu yeyote ili afumbie macho ng'ombe mgonjwa. Akishasema, ubishi uliisha hapo.

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na mama yetu, Nashipae. Siku ya kupeleka mahari aliwakagua ng'ombe wa kwao mwenyewe njiani, akawarudisha wawili kwa sababu walikuwa wanakohoa. Wajomba zake walinuna. Mama anasema ndipo alipojua anaolewa na mtu wa aina gani. Mungu aliwajalia watoto watatu: mimi, Allan na Dolphine.

Sasa nimefika pale nilipoombwa niruke.

Jumanne tarehe 8 Aprili 2014, jirani mmoja wa Kitengela, ambaye sitamtaja kwa sababu naye ameketi hapa, alikuwa akitafuta wanakondoo wake waliopotea. Nyuma ya duka la Mzee Burale, mfanyabiashara wa mifugo, alikuta mtoto mchanga mwenye sufu na mkia uliolala, akinyonya kwa mbuzi. Alipiga kelele za mwizi. Kabla ya nusu saa kupita, watu karibu mia mbili walikuwa pale, wengine tayari na mawe mkononi. Wakasema aitwe daktari.

Baba alifika na koti lake jeupe. Mzee Burale alimwambia, "Daktari, wewe unanijua. Huyu amezaliwa hapa leo asubuhi. Angalia tu vizuri."

Mkewe, Mama Fosiya, alitoka nyuma ya duka amebeba beseni la plastiki. Ndani yake kulikuwa na zalio, ile nyama inayotoka baada ya mtoto. "Mimi ndiye nilimtoa na hii mikono yangu," alisema. "Ona, bado iko na damu. Daktari, si uangalie!"

Baba hakuangalia. Alishika mkia, akapapasa sufu, akawageukia watu. "Mbuzi hawezi kuzaa kondoo," alisema. "Huyu ametolewa mahali pengine."

Watu hawakungoja zaidi. Duka lilivunjwa, mbuzi wakatawanyika, na Mzee Burale akavunjwa mkono wa kushoto sehemu mbili mbele ya mkewe. Yule mtoto wa mbuzi alikabidhiwa jirani. Tangu siku hiyo, kuanzia soko la Kajiado hadi Namanga, Mzee Burale aliitwa mwizi wa kondoo. Wauzaji walimkwepa, na ndani ya mwaka mmoja aliacha biashara ya mifugo aliyoachiwa na baba yake. Nyumbani kwetu baba alisifiwa wiki nzima. Mimi pia nilimsifu, na nasema hivyo kwa aibu.

Mwezi Agosti 2016 jirani yule alimwita baba aje amhasi dume fulani msumbufu. Lilipanda kondoo, likapanda mbuzi, mchana kutwa, na tangu likomae hakuna jike hata mmoja aliyeshika mimba. Baba alilishika, akaona mwili si wa kondoo kamili wala wa mbuzi kamili. Akauliza limetoka wapi. Alipoambiwa ni yule mtoto wa nyuma ya duka la Mzee Burale, aliweka kisu chini. Alichukua damu akampelekea mtafiti mmoja Nairobi, na baada ya wiki tano majibu yakarudi: kromosomu hamsini na saba. Thelathini za mama mbuzi, ishirini na saba za baba kondoo. Karibu kila mara mimba ya namna hiyo hufa tumboni. Kwa nadra sana huzaliwa mnyama mzima, na huyo naye kwa kawaida hazai. Mama Fosiya alikuwa amesema kweli tupu.

Baba alienda nyumbani kwa Mzee Burale na karatasi ile. Mzee aliisoma akamrudishia. "Nelson, mimi nilijua bila kuhesabu," alisema. "Lakini uliongea mbele ya watu. Enda useme hapo hapo mbele ya watu."

Baba aliahidi. Kisha jirani na wazee wawili wakamshauri asifufue mambo, na yeye akahofia kazi yake na jina lake. Alikaa kimya miaka minane. Nampenda baba yangu, na bado nina hasira naye. Alikuwa na sauti, alikuwa na miguu, na soko lilikuwepo kila wiki.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, hapa Kajiado, na mama hakukosa hata safari moja. Mwezi Januari mwaka huu aliniambia nimpeleke sokoni akaseme. Tulipanga siku, lakini hakuweza tena kusimama. Ndipo akasema, "Soipan, siku ya kunizika watakuja wote. Wasomee." Alifariki Ijumaa tarehe 7 Februari 2025, saa nane mchana, mama akiwa amemshika mkono.

Kwa hiyo, kwa niaba ya marehemu Nelson Katoo, nasema mbele yenu nyote: Mzee Burale hakuiba. Mama Fosiya hakusema uongo. Aliyekosea ni baba yangu, mara ya kwanza kwa kutoangalia, na mara ya pili kwa kunyamaza akijua.

Marehemu ameacha mjane, Nashipae. Ameacha pia watoto watatu, wajukuu wanne, na ndugu zake walio hai.

Mmeona kwamba ratiba mlizo nazo hazina ule mstari wa mwisho mliouzoea. Baba aliniambia nisiuandike, kwamba si sisi wa nyumbani wa kumwombea pumziko kwanza. Jumatano nilienda Kitengela kumwomba Mzee Burale ruhusa ya kusoma haya, na kumweleza habari ya mstari huo. Alinijibu, "Soma, binti yangu. Nitakuja nisikie. Hiyo ingine sijui."

Mzee, umekuja, na Mama Fosiya umekuja. Hamlazimishwi, na hata mkiinuka mwende zenu, hakuna wa kuwalaumu hapa. Lakini mkiona anastahili kupumzika kwa amani, semeni nyinyi, nasi tutaitikia. Mimi nakaa chini.