Fundi Meno na Kifaru Wake Mweupe

Maneno haya ya kumuaga marehemu ni ya mume wake. Anayesoma ni binti yao mkubwa, kwa sababu mume hana shule ya kutosha, na leo hana sauti.

Marehemu, ambaye wengi mlimzoea kwa jina la Fundi Meno, alizaliwa alfajiri ya tarehe 3 Mei 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alichoma matofali. Mama yake alishona magunia. Vumbi la pale lilikuwa jekundu, na kila kilichoanikwa kwenye kamba kilikuwa chekundu. Alisema hakujua nguo nyeupe ni kitu gani mpaka alipoanza shule na kuwaona wenzake.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959, akamaliza la saba mwaka 1965. Hesabu hakuipenda. Kazi za mikono aliongoza kila mwaka. Alipokuwa darasa la tano, bibi yake mzaa mama aling'oka jino la mbele wiki moja kabla ya kupigwa picha ya familia. Mjukuu akachukua mshumaa, akachonga jino, akalisugua kwa majani ya chai ili lifanane na wenzake. Bibi akalivaa. Picha mnayo, ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki mlichopewa mlangoni. Tazameni kama mtalijua ni lipi. Walipomaliza kupigwa picha bibi akaletewa chai ya moto. Akanywa, akapitisha ulimi penye pengo, akasema, "We mtoto, jino lako nimelinywa."

Mwaka 1970 aliajiriwa kwenye kliniki ya meno, kuosha vyombo. Fundi wa zamani wa meno bandia alimwona anavyoshika kibano, akamwambia aache kuosha. Mwaka 1972 akakalia kiti cha fundi, na hakukiachia mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Miaka thelathini na tisa. Wengine humu ndani mnatafuna kwa kazi ya mikono yake. Hatutawataja.

Kila mteja marehemu alimtoa nje kwanza, kwenye mwanga wa jua, ndipo amchagulie rangi ya meno. Taa, alisema, inamsifia kila mtu. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alitaka meno meupe kabisa, kama sukari. Marehemu akamjibu, "Mwalimu, hayo yatafika mlangoni kabla yako. Watu watayasalimia yenyewe, wewe watakusahau." Kila seti aliitia doa dogo mahali, au ufa mwembamba kama unywele. Meno yasiyo na doa, kwake, yalikuwa uongo.

Mume wake ni fundi rangi. Walikutana Machi 1974, alipokuja kupaka chokaa kuta za kliniki ile. Siku ya pili binti wa meno akasimama nyuma ya ngazi.

"Fundi, huo ukuta una rangi mbili."

"Nyeupe ni nyeupe, dada."

"Ya jana na ya leo hazifanani. Njoo usimame hapa."

Fundi rangi akashuka. Akasimama pale. Ilikuwa kweli, ndoo ya pili aliikoroga kwa haraka. Akaupaka upya. Kisha akaona na ukuta wa pili hauko sawa, na wa tatu. Kazi ya siku mbili ikachukua wiki tatu. Daktari wa meno alimuuliza kama anapaka au anaposa.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Agosti 1976. Walijaliwa watoto watatu: binti mkubwa, ambaye ni mkunga, mwana, fundi wa lifti, na binti mdogo, mpishi wa hoteli. Nyumbani waliitana Fundi, yeye na mume wake. Mgeni akisikia "Fundi!" hakujua nani anaitwa. Wenyewe walijua.

Sasa habari ya vifaru.

Mwaka 2004 daktari wa meno alikuwa anafunga kliniki yake na kumwachia mwingine. Kwenye rafu alikuwa na boksi alilolinunua zamani, la kujengea kifaru cha plastiki, kile cha vita. Alikuwa amekata vipande viwili tu, macho yakamshinda. Akampa fundi wake. Marehemu akafika nyumbani amelibeba kwenye mfuko, akasema, "Fundi, nimepewa kifaru. Vipande vitupu, nitaunga mwenyewe."

Mume hakuuliza. Kifaru anamjua. Akatafuta ubao mzuri, akaupiga msasa, akachora nyasi juu yake kwa brashi ndogo, unyasi mmoja mmoja, siku nne. Pembeni akaweka kidimbwi cha maji, maana mnyama lazima anywe. Wiki ya pili akaitwa atazame. Akakuta chuma kina magurudumu.

"Pembe iko wapi?"

"Pembe?"

"Kifaru si ana pembe?"

Marehemu alimtazama, akautazama ubao, akaona na kidimbwi. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Alipopata pumzi akaushika ule mtutu wa mzinga, akasema, "Pembe ni hii, Fundi. Na leo ana kiu."

Tangu siku hiyo kila kifaru kilichomalizika kilipumzishwa kwanza kwenye ubao ule wa nyasi, karibu na maji. Na mume wake mpaka leo haachi. Watu husema kifaru kimekauka. Yeye husema amekauka.

Aliunga kumi na kimoja. Vya rangi ya mchanga, vya rangi ya matope, kimoja cha madoa kama chui. Maboksi alitumiwa na binti mdogo. Meza yake ilikuwa dirishani, kando ya jiko, na mtu hakuruhusiwa kufagia chini yake bila kuuliza. Jirani mmoja aliwahi kumsema: "Mama mzima, na wajukuu, unacheza na vitu vya kuulia watu?" Marehemu akamkaribisha kiti. "Hiki changu," akamwambia, "hakijaua hata mbu. Shika gundi hapo." Jirani yule yupo leo. Aliishia kushika gundi miaka sita.

Novemba 2019 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Alidhani ni uchovu. Daktari akasema ni ugonjwa wa kutetemeka, hauponi, dawa inaupunguza mwendo tu. Alirudi nyumbani akauweka mkono mezani, akautazama muda mrefu, akauambia, "Wewe umenilisha. Sitakutukana."

Kifaru cha kumi na mbili kilifika mwaka 2022. Kilikuwa cha theluji. Kwenye picha ya boksi kimesimama kwenye weupe mtupu, na chenyewe kimepakwa cheupe ili kisionekane. Theluji hakupata kuiona maisha yake yote. Alifungua friji, akakwangua barafu kwa kijiko, akaiweka kwenye kisahani dirishani, akaitazama mpaka ikawa maji. "Si nyeupe," akasema. "Ina bluu ndani."

Alikiunga miezi kumi na minne. Kiwiko alikifunga kwa kitambaa kwenye ukingo wa meza ili kitulie. Kuna siku alibandika kipande kimoja tu, akalala na furaha. Kuna mpini mdogo wa mlango wa juu uliruka ukapotea. Mume wake alitambaa sakafuni siku mbili. Ukaja kuonekana kwenye pindo la suruali yake, umeshafuliwa na kupigwa pasi. Oktoba 2023 alimaliza rangi ya chini, kijani kilichofifia. Hiyo aliipaka mwenyewe yote.

Februari mwaka huu kifua kilimshika, akalazwa siku tisa. Alirudi nyumbani tarehe 19. Daktari alikwisha kusema nasi pembeni. Na yeye alikuwa ameshatuona tuliporudi kutoka huko pembeni. Akaomba kitu kimoja: kifaru kiishe, akione.

Akaeleza namna. Juu ya kijani inapulizwa dawa ya nywele, ile ya saluni. Juu yake nyeupe, nyembamba. Kisha unalowanisha maji ya uvuguvugu na kusugua, nyeupe inabanduka hapa na pale, kijani kinachungulia. Binti mkubwa akaleta dawa yake ya nywele, akapuliza. Marehemu alikuwa kwenye kiti, mito pande zote. "Leo kifaru kimeenda saluni," akasema. "Mwambieni asiguse kichwa."

Nyeupe alimpa mume wake apake. Tarehe 24 na 25 Februari, kwa brashi ndogo kuliko zote, akapaka mara tatu, nyembamba, bila mchirizi. Akamletea. Aliona amefanya vizuri.

Marehemu akakigeuza kwenye mwanga. "Fundi, umepaka chumba cha bwana harusi."

"Kuna kosa?"

"Hakuna. Ndiyo kosa lenyewe. Hii ni mashine imelala nje miezi. Watu wameipanda na mabuti. Chokaa yenyewe walipaka kwa haraka, kwa fagio. Bandua."

"Miaka hamsini nalipwa chokaa isibanduke."

"Basi mimi nakulipa ibanduke."

Mume akakataa. Akasema mkono wake hauwezi kuharibu rangi nzuri. Akakiweka kabatini, akafunga mlango wa kioo. Marehemu akamwambia nyeupe ikikaa siku nyingi itashika, haitatoka tena. Mume akasema sawa, kesho. Kesho yake akasema kesho. Zikapita siku kumi na tatu.

Sababu hakuisema. Leo inasemwa. Aliona kifaru kikiisha, na mke wake hatakuwa na cha kungojea.

Jumamosi, tarehe 9 Machi, asubuhi, baada ya kunywa uji kidogo, marehemu akamwita.

"Fundi. Kukificha kabatini hakunizuii mimi."

Mume akaendelea kupangusa kikombe cha uji.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi lete mswaki."

Akaleta mswaki wa zamani wa kliniki, kikombe cha maji ya uvuguvugu, taulo, na kifaru. Akakaa kitandani. Akalowanisha, akasugua. Haikutoka. Siku kumi na tatu ni nyingi. Marehemu akasema, "Lowanisha tena, ngoja, hesabu ishirini." Wakahesabu wote wawili, polepole. Ikaanza kutoka. Lakini ilitoka kwa mstari ulionyooka, kama mtu aliyefuata rula. Mkono wa fundi rangi hauna njia nyingine.

"Unanyoosha," marehemu akasema.

"Ndivyo ninavyojua."

Ndipo akatoa mkono wake kwenye shuka, ule wa kulia, akauweka juu ya mkono wa mume wake wenye mswaki. Ukatetemeka. Mswaki ukatetemeka nao. Na nyeupe ikabanduka vipande vidogo visivyofanana, hapa kama punje, pale kama ukucha, kijani kikachungulia kama kilichokaa baridini miezi. Alikuwa anaelekeza. Hapa mtu anapokanyaga kupanda. Hapa anaposhika kwa mkono. Hapa chini, kwenye matope. Hapo acha, hapo hakuna anayefika.

Akakitazama, akautazama mkono wake. "Miaka minne nautafutia kazi mkono huu," akasema. "Kumbe ipo."

Walimaliza upande wa kushoto, wakamaliza upande wa kulia, na juu. Alikuwa amechoka. Ukabaki upande wa nyuma, mweupe kama ukuta. Mume akataka waendelee, alikuwa ameshika moto sasa. Marehemu akaurudisha mkono kwenye shuka.

"Kwa nyuma paache."

"Hakijaisha, Fundi."

"Paache kama ulivyopaka wewe. Nyuma hakuna haraka."

Kikawekwa dirishani, juu ya ubao wa nyasi, karibu na maji. Alikitazama siku tano, kwenye mwanga wa jua, kama alivyowatazama wateja wake. Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani, akiwa na miaka sabini na miwili. Mume wake alikuwa amemshika mkono wa kulia. Ndiye aliyejua wa kwanza, kwa sababu ulitulia.

Ameacha mume, mabinti wawili na mwana mmoja, wakwe watatu, wajukuu watano waliomwita Bibi Kifaru, dada yake mdogo, na jirani wa gundi. Ameacha pia vifaru kumi na wawili, mmoja mweupe.

Marehemu ametangulia. Mume wake amebaki nyuma, na aliambiwa nyuma hakuna haraka.

Apumzike kwa amani, yeye na mkono wake.