Emilian Ndikuriyo, Aliyerekebisha Njia za Satelaiti (1979–2025)

Marehemu Emilian Ndikuriyo alizaliwa Bukiriro, Ngara, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Gaspari na Mama Ildefonsa.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Biharamulo, kisha fizikia Dar es Salaam na ughaibuni. Mwaka 2008 aliajiriwa huko katika kituo cha kuongoza satelaiti. Satelaiti ya mawasiliano hukaa juu ya ikweta, ikizunguka sambamba na dunia, lakini jua na mwezi huivuta pole pole nje ya mahali pake. Emilian alikokotoa injini zake ndogo ziwashwe lini, kuelekea wapi na kwa muda gani, ili irudi. Alipokuja likizo, shemeji yake Anold alimtania: "Mchunga mbuzi wa angani, kundi umemwachia nani?" Naye akajibu: "Mbuzi wangu hawali mahindi ya mtu, shemeji."

Tarehe 5 Septemba 2009 alifunga ndoa na Deodata wa Nyarubungo, Biharamulo. Mungu aliwajalia Ineza na Venance.

Mwaka 2024 alianza kuumwa tumbo. Daktari alitaka apasuliwe mapema. Lakini satelaiti moja kuukuu ilikuwa imebakiwa na mafuta ya kuisukuma juu tu, ipishe njia ya nyingine, na hesabu hiyo Emilian hakutaka kumwachia mtu. Deodata alimsihi: "Baba Ineza, hicho chombo kina watu wa kukitazama. Wewe unatazamwa na nani?"

"Nikimaliza hili, nakwenda."

Alilimaliza salama. Alipopasuliwa, saratani ilikuwa imekwisha kufika kwenye ini. Deodata alimrudisha nyumbani, akamuuguza hadi alipofariki dunia tarehe 9 Juni 2025.

Hapa msibani yamesemwa maneno, kwamba mke ndiye aliyemng'ang'aniza ugenini hadi ugonjwa ukamshinda. Siku chache kabla ya kufariki, mbele ya mama yake na dada yake Tecla, marehemu alisema: "Nilichelewa kwa kutaka kwangu. Mke wangu aliniambia, nikakataa. Lisomeni hilo kabla hamjanifukia." Mama Ildefonsa, ambaye naye alikuwa amemnunia mkwewe, ndiye aliyeagiza lisomwe leo.

Ameacha mama, dada, watoto wawili, na mjane wake Deodata, ambaye nyumba hii ni yake na hakuna wa kumwondoa.

Mungu ampumzishe Emilian, nasi aliotuacha tukae kwa amani.