Siku Tulipompima Karanga Mate

Benchi letu limeegemea ukuta wa chumba cha kufulia, pale mashine za kukaushia nguo zinapotoa hewa ya moto, na ndiyo maana asubuhi za Septemba hakuna anayekaa kwingine. Watalii wakishaondoka na mahema yao, Kambi ya Ziwa Tolliver hubaki na sisi tunaoishi kwenye matrela mwaka mzima, na wa benchini ni wale wale. Kuna Hollis tunayemwita Profesa, aliyeendesha malori mpaka magoti yakamgomea. Njiani alisikiliza redio sana, kwa hiyo hakuna jambo asilolijua. Kuna Sajini, aliyekuwa mpishi jeshini, ingawa ukimsikiliza utadhani aliteka miji. Kuna Bi Perl, anayeoka pai na kusema ukweli, vyote bila kuombwa. Na pembeni kabisa hukaa Mzee Wendell, na miguuni pake Karanga, mbwa wake wa kahawia mwenye kichwa kipana kama kikaango. Kahawa napika mimi. Tangu mama aumie mgongo nikaacha shule, nasafisha mabafu ya kambi, na ufunguo wa chumba cha kufulia ninao.

Asubuhi hiyo Bi Norlene, msimamizi wa kambi, alikuwa amebandika tangazo mlangoni. Kampuni ya bima haitaki tena kuona kambini pitibuli, rotwaila wala doberman. Mwenye mbwa wa aina hiyo amwondoe, au aondoke naye.

— Halimhusu Karanga hilo, alisema Profesa kabla hata hajakaa. Huyu ni labrada chotara.

— Kila mbwa hapa ni labrada chotara, alisema Bi Perl. Yule wa trela la kijani ana miguu mifupi kama ya stuli, naye kaandikishwa labrada chotara.

Ndivyo tulivyozoea. Ukifika ofisini ukaulizwa mbwa wako ni wa aina gani, unajibu labrada chotara, Bi Norlene anaandika, kisha mnaulizana habari za mvua.

— Labrada gani anayeogopa maji? aliuliza Sajini. Juzi bata kamtimua ufukweni, kakimbilia chini ya gari. Huyu ni boksa, wewe. Tazama kifua.

— Boksa ana pua iliyobonyea, alisema Profesa. Huyu pua yake imenyooka kama barabara ya Kansas.

— Pua inanyooka kwa chakula bora! Jeshini nililisha mbwa wanaonusa mabomu, wote wana damu hii hii.

— Huyu anuse bomu? alicheka Bi Perl. Pai yangu iliungua hatua mbili kutoka alipolala, hakuinua hata sikio.

— Haya, masikio, alisema Profesa, akiinama na magoti yakilia. Mnayaona? Masikio haya ni ya mbwa wa kuwindia simba. Waliletwa kwa meli, wakapandishwa na labrada wa matajiri wa kule mashariki. Nilisikia kipindi kizima.

— Wa kuwinda simba, na bata kamtoa mbio! Bwana, mama yake boksa na baba yake mbwamwitu wa milimani. Ndiyo maana halali usiku.

— Halali kwa sababu mimi silali, alisema Mzee Wendell. Ni Karanga tu huyu. Mwacheni.

Alisema taratibu, kama anavyosema mambo yake yote, na wale wawili wakaendelea juu ya kichwa chake.

Mzee Wendell figo zake zimekufa. Mara tatu kwa wiki anasafishwa damu kwa mashine katika kliniki ya mjini, na Bi Perl ndiye anayempeleka na kumrudisha, maana akitoka pale hata mlango wa gari hawezi kuuvuta. Karanga huenda nao. Hulala kiti cha nyuma mpaka mzee amalize, na wakati wa kurudi huweka kidevu begani kwake njia nzima. Kambi nyingine yoyote iko mbali na kliniki ile. Sote tulilijua hilo. Hatukuhitaji kukumbushwa.

Bi Norlene akaja na kikombe chake.

— Profesa, mnabishana nini mpaka nawasikia ofisini?

— Tunatafuta aina ya Karanga, ili ukiulizwa na watu wa bima uwe na jibu.

— Jibu ninalo. Mimi sijui aina za mbwa. Kitabu kinasema labrada chotara, na mimi sitaki kujua zaidi ya kitabu. Umenielewa?

— Nimekuelewa kabisa, alisema Profesa. Unahitaji ushahidi.

Bi Norlene alimtazama, akamimina kahawa, akaondoka. Bi Perl akasema, «Hollis, huyu mama kakwambia nyamaza,» lakini Profesa alishamgeukia Sajini.

— Tuweke dau. Kuna kipimo cha mate. Unamsugua mbwa shavuni kwa kijiti cha pamba, unatuma maabara, wanakwambia mpaka babu yake. Akiwa labrada, unanimwagia tangi la choo mpaka theluji iyeyuke.

— Na akiwa boksa, wewe unamwaga langu. Na unaosha mpira wake.

Walipeana mikono. Anayeishi kwenye trela ndiye anayejua uzito wa dau hilo. Kutoa mpira wa maji machafu kwenye baridi ya Januari, umeganda kama fimbo, ni jambo ambalo mtu angempa mkwe wake afanye.

Kijiti kilifika kwa posta. Mzee Wendell alisema tena kwamba haoni haja.

— Mzee, alisema Sajini, sisi tunakutetea wewe. Karatasi ikifika, hakuna wa kukugusa.

— Hakuna anayenigusa sasa hivi.

— Bado! alisema Profesa, akinipa kijiti. Bado tu. Binti, hebu mfungue mdomo.

Karanga hakuhitaji kufunguliwa mdomo. Aliufungua mwenyewe, akidhani ni kitu cha kula, akajaribu kumeza pamba. Tulicheka sana siku ile. Hata Mzee Wendell alicheka, akamfuta mate kwa mkono wa shati.

Majibu yalifika kwenye simu ya Profesa asubuhi ya ukungu, benchi likiwa limejaa. Watu wa trela la kijani walikuwa wamekuja kusikia nani atamwaga tangi, na Bi Norlene alikuwa anapita na ndoo ya majivu ya mioto ya jana.

— Bi Norlene! Profesa alipunga simu. Njoo usikie mwenyewe!

— Hollis, usinisomee.

— Sekunde moja tu. Haya. «Karanga. Jike.» Hilo tunalijua. «Sehemu kubwa ya damu, zaidi ya nusu…» 

Na kwa vile alikuwa akisoma kwa sauti ya mtangazaji, macho yake hayakuuwahi mdomo.

— «…pitibuli.»

Mashine ya kukaushia ilikuwa inazunguka na kifungo cha chuma ndani, tak, tak, tak. Profesa aliteremsha ukurasa kwa kidole. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna labrada kidogo. Na boksa kidogo. Akasema hayo kana kwamba yanasaidia.

Bi Norlene aliweka ndoo chini.

— Ungeniachia nisijue, alisema. Kila mwaka natia sahihi kwenye fomu ya bima kwamba simjui mbwa wa namna hiyo kambini. Sasa nimesimama mbele ya watu wote hawa, nimesikia kwa masikio yangu.

— Lakini sisi hatutasema, alisema Sajini.

— Wewe, Sajini? Wewe hutasema?

Hakuna aliyecheka. Bi Norlene alichuchumaa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akamkuna Karanga chini ya kidevu.

— Wendell, samahani. Nitakupa mpaka mwisho wa mwezi.

— Nimeelewa, alisema Mzee Wendell. Una kambi ya kulinda.

Siku zilizofuata maneno yalikuwa mengi, kama kawaida yetu. Profesa alisema tuandike rufaa. Sajini alisema tumvalishe koti Karanga, tumwite mbwa wa kuhudumia wagonjwa, ambaye sheria hairuhusu kumfukuza. Bi Perl alisema atamchukua yeye, kisha akakumbuka kwamba naye anaishi kambi hii hii. Dada yake Mzee Wendell, wa Tulsa, alijitolea kumfuga. Mzee alifikiri siku moja, akampigia kumshukuru na kukataa.

— Nikitoka kwenye mashine nataka kumkuta garini, aliniambia tukikunja nguo zake. Ni hilo tu. Watu wanadhani kuna sababu kubwa zaidi.

Alipata nafasi katika kambi moja ng'ambo ya mpaka wa jimbo, ambako hawaulizi aina. Kutoka huko mpaka kliniki ni mwendo ambao Bi Perl hawezi kuuendesha, macho yake yamepungua na barabara ina malori. Tulimwuliza nani atakuwa anamrudisha. Alisema atakuwa anakaa garini mpaka apate nguvu, kisha ataendesha mwenyewe. Bi Perl alimfungia pai mbili na hakusema ukweli wowote.

Asubuhi ya kuondoka Sajini alimwaga tangi la Mzee Wendell bila kuambiwa, akaosha mpira, akaukunja vizuri kuliko unavyokunjwa dukani. Profesa alitoa magogo ya kuzuia magurudumu, akipiga magoti kwenye kokoto zenye umande. Mzee Wendell alimpandisha Karanga garini, akafunga mlango, akatutazama kupitia dirishani.

— Sasa nani anamwaga tangi la nani?

Ulikuwa utani. Nadhani alitaka tucheke, aondoke akisikia hivyo. Hatukuweza. Trela lilipita langoni, likapinda kwenye misonobari, na mkono wake ulikuwa bado nje, ukipunga.

Tangu hapo ofisini mambo yamebadilika. Wale wa trela la kijani waliitwa wakapewa maswali, wakahama bila kuaga mtu. Bi Norlene sasa anapiga mbwa picha, mbele na ubavuni, na anauliza taratibu mara mbili. Kahawa hanywi tena kwetu.

Jumapili nafasi ya Mzee Wendell ikapata mtu. Ni mama mmoja wa makamo, na trela dogo lenye taa moja, na mbwa wa kijivu mwenye kifua kipana na sikio lililokatika nusu. Alitusalimia mmoja mmoja. Nilimpa kahawa.

— Samahani jamani, alisema. Ofisini wameniuliza huyu ni wa aina gani, nikashindwa. Nilimtoa kwenye makazi ya mbwa waliotupwa, na kule hawakujua. Nyinyi mmeishi na mbwa wengi hapa. Hebu mtazameni. Mnaonaje?

Mbwa alikaa kitako mbele yetu, akapiga miayo. Profesa alimtazama kuanzia kichwani mpaka mkiani, na nililiona jibu likimpanda kooni. Akalishusha kwa kahawa. Sajini aliinamisha kofia. Bi Perl alianza kufuta makombo ya pai ambayo hayakuwepo.

Mama yule alisubiri, akitabasamu, akihamisha macho kutoka kwa mmoja wetu mpaka mwingine.